Walimkuta na cherehani yangu, mahakama ikamwachia: ni wezi wangapi hufungwa?

SWALI

Shikamoo mzee wakili. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Makorora hapa Tanga, chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yangu. Ramadhani ya mwaka jana, watu wakiwa tarawehe, walikata nondo za dirisha wakabeba cherehani 2 na vitenge vya wateja. Shangazi alikuwa chumba cha nyuma anaumwa. Alisikia kelele akadhani ni jirani anagonga vyuma. Baada ya wiki 3 cherehani moja ikakutwa kwa kijana wa mtaa wa pili. Tumepigwa kalenda mwaka mzima, na wiki iliyopita hakimu akamwachia. Nimesoma kwamba Uingereza na Marekani wanapima ni wezi wangapi kati ya 100 wanatiwa hatiani na wangapi wanakwenda jela, na kwamba ni wachache. Kwetu je? Na wangekuja na mapanga, ingekuwa tofauti?

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Cherehani 2 ni chakula cha nyumba nzima, na ubaya wa vitenge vya wateja ni kwamba mwenye nguo anadai kwako, hadai kwa mwizi.

Nianze na hesabu. Mtu akikwambia “asilimia kadhaa ya wezi hufungwa”, muulize: asilimia ya nini? Kuna nyumba zilizovunjwa, na humo zimo ambazo wenyewe hawakwenda hata kuchukua RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Kuna zilizoripotiwa. Kuna zilizopata mtuhumiwa, kuna zilizofika mahakamani, kuna zilizoisha kwa hatia, na mwisho kabisa kuna waliopelekwa gerezani. Kila unaposhuka ngazi moja, wengine wanadondoka. Ukigawa waliofungwa kwa nyumba zilizovunjwa unapata namba ndogo ya kutia uchungu. Ukigawa waliotiwa hatiani kwa waliofikishwa kizimbani, namba inakuwa kubwa na serikali yoyote itafurahi kuitangaza.

Chukua Marekani. Mwaka 2019, kwa takwimu za FBI, katika kila matukio 100 ya kuvunja nyumba yaliyoripotiwa polisi, yaliyofikia hatua ya kupata mtuhumiwa yalikuwa kama 14 tu. Kwa unyang’anyi yalikuwa kama 30. Lakini ukiwaangalia walioshtakiwa kwa makosa makubwa ya kila aina katika kaunti 75 zenye watu wengi zaidi nchini humo, kwa mwaka 2009 karibu 66 katika kila 100 walitiwa hatiani. Nchi ni ileile, ila anayesema 14 anahesabu kuanzia dirishani kwako na anayesema 66 anahesabu kuanzia kizimbani. Japani kiwango cha kutiwa hatiani kwa walioshtakiwa kinapita 99 kwa 100, kwa kuwa waendesha mashtaka wa huko hawapeleki mahakamani kesi wanayoiona dhaifu. Uingereza, matukio ya kuvunja nyumba za kuishi yanayoishia kwa mtu kushtakiwa hayafiki 10 katika 100 kwa miaka ya karibuni.

Nadhani ulichosoma kinatokana na ripoti ya watafiti Patrick Langan na David Farrington iliyotolewa na serikali ya Marekani mwaka 1998. Walilinganisha nchi hizo mbili kuanzia mwaka 1981 hadi 1996, wakaona kwamba hatari ya mhalifu kukamatwa, kutiwa hatiani na kufungwa ilikuwa inapanda Marekani na kushuka Uingereza. Walichofanya vizuri ni kutotegemea mafaili ya polisi peke yake: walitumia pia hesabu za kuwauliza wananchi majumbani kama wamevunjiwa au kuporwa. Kwa hiyo hata aliyekaa kimya alihesabiwa.

Kwetu, polisi wanahesabu taarifa, Mahakama inahesabu mashauri, Magereza wanahesabu vichwa. Kijana mmoja anaweza kuwa amevunja nyumba 10, na tukio moja likawa na washtakiwa 4. Ukichukua namba ya huyu ukaigawa kwa ya yule, unachopata si kiwango cha kitu chochote. Hata idadi ya waliomo gerezani inachanganya: ndani ya gereza la Maweni hapa Tanga kuna wafungwa na kuna mahabusu, na mahabusu hajahukumiwa bado. Kwa hiyo sitakupa namba moja ukaende nayo. Nitakuonyesha kesi kama yako inadondokea wapi, maana hapo ndipo penye faida kwako.

Kwanza kosa lenyewe. Kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuvunja nyumba ya kuishi mchana kwa nia ya kutenda kosa, adhabu yake inafika hadi miaka 14. Usiku inafika hadi 20. Na usiku wa kisheria unaanza saa 1 jioni mpaka saa 12 asubuhi, kwa hiyo wakati wa tarawehe ni usiku kamili. Kuvunja duka, ghala au karakana na kuiba humo ni hadi miaka 10. Wewe unashonea chumba cha mbele, lakini nyumba ni ya kuishi na shangazi alikuwa amelala humohumo, hivyo shtaka sahihi ni la nyumba ya kuishi, usiku. Ukipata nakala ya hati ya mashtaka, tazama waliandika nini.

Neno “kuvunja” nalo ni pana kuliko watu wanavyodhani. Kusukuma mlango uliorudishiwa tu, usio na komeo, ni kuvunja. Na “kuingia” kunatimia sehemu yoyote ya mwili, au ya kifaa anachotumia, ikipita ndani. Wale wanaovua simu na suruali kwa fimbo ndefu yenye ndoano, wakishakata wavu wa mbu wa dirisha, wamevunja na wameingia hata kama miguu yao haikutoka uchochoroni.

Sasa wangekuja na mapanga. Hapo kosa linabadilika jina. Unyang’anyi ni wizi unaoambatana na nguvu au vitisho dhidi ya mtu, na adhabu yake inafika miaka 15. Ukiwa wa kutumia silaha, kima cha chini ni miaka 30. Hakimu akishamtia mtu hatiani kwa kosa hilo hawezi kushuka chini ya hapo, hata mshtakiwa awe na umri wa miaka 20 na ndiyo mara yake ya kwanza. Dhamana pia hakuna. Kwenye kuvunja nyumba, ile 20 ni upeo tu: mshtakiwa anaweza kupata dhamana, na hata akitiwa hatiani hakimu ana nafasi ya kupima. Kwa hiyo “kutiwa hatiani” na “kufungwa” ni namba mbili tofauti kwa mwizi wa dirishani, ila kwa mwenye panga ni namba moja.

Watu hufurahia ile 30. Mimi niliyekaa mahakamani miaka mingi naona upande wake wa pili. Aliyefungwa miaka 30 hukata rufaa, na Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husoma faili neno kwa neno. Zipo hukumu zilizotenguliwa kwa sababu hati ya mashtaka ilisema silaha ilitumika, lakini haikusema ilitumika dhidi ya nani. Sentensi moja iliyosahauliwa na mwandishi wa hati!

Zaidi ya hapo kuna utambuzi. Shauri la mshtakiwa aliyeitwa Waziri Amani, la Mahakama ya Rufani mwaka 1980, ndilo kila hakimu analolikumbuka shahidi anaposema “nilimwona”. Uliwaona kwa muda gani? Kwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga, na wa kitu gani? Mlifahamiana kabla? Jibu la “kulikuwa na taa” halitoshi. Ilikuwa kibatari, balbu ya barazani au tochi ya simu? Ilikuwa upande gani, na ilimulika uso au mgongo? Uamuzi mwingine wa Mahakama ya Rufani, wa mwaka 2002, unasisitiza kumtaja mtu mapema. Ukimtambua mwizi leo usiku, mtaje leo usiku kwa jirani, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa polisi. Ukikaa siku 5 ndipo useme “nilimjua”, hakimu atajiuliza ulikuwa unasubiri nini.

Kesi yako haikuwa na aliyeona, kwa hiyo ilisimama juu ya kitu kimoja: kukutwa na mali iliyoibwa karibuni. Ni kanuni nzuri kwa mlalamikaji. Inaruhusu mahakama kumhesabu aliyekutwa na mali kuwa ndiye mwizi, au angalau mpokeaji wa mali ya wizi, asipotoa maelezo yenye kuingia akilini. Lakini ina miguu minne. Mali ikutwe kwake kweli. Ithibitike bila shaka kuwa ni yako. Iwe imeibwa karibuni. Na iwe ileile iliyotajwa kwenye shtaka. Mguu mmoja ukivunjika, meza inaanguka. Wiki 3 kwa cherehani hazinitishi, kwa kuwa cherehani haipiti mikononi kwa kasi kama pesa au simu. Kinachonitisha ni mguu wa pili.

Nimeyaona haya si mara moja. Cherehani inaletwa mbele ya hakimu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika. Fundi anaulizwa: “Unaijuaje kuwa ni yako?” Anajibu kwa uchungu: “Naijua, nimeishonea miaka 8.” Wakili wa upande wa pili anauliza kwa upole: “Tanga nzima, fundi mwenye cherehani ya namna hii ni wewe peke yako?” Fundi ananyamaza, na kesi imekwisha hapo. Wala fundi hakudanganya. Anaijua mashine yake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe, lakini kumbukumbu ya mikono haiandikiki kwenye mwenendo wa kesi.

Kilichotakiwa ni maelezo yake ya siku ya kwanza, kabla hajaonyeshwa chochote: namba iliyogongwa kwenye chuma cha mashine, ufa wa gundi kwenye ubao upande wa kulia, skrubu moja isiyofanana na nyingine, kipande cha kanga alichofungia waya wa pedali. Ukiyasema kabla, halafu mashine ikakutwa navyo, umemaliza ubishi. Ukiyasema baada ya kuiona kituoni, utaonekana mtu anayesoma alama kutoka kwenye kitu kilicho mbele yake. Risiti inasaidia, lakini wengi tumenunua kwa mtu, na sheria haikulazimishi risiti. Inataka uhakika.

Tazama pia upekuzi ulivyofanyika. Je, palikuwa na mjumbe au jirani asiye na upande? Hati ya ukamataji mali iliandikwa palepale, ikasainiwa na kijana na shahidi? Na kutoka hapo mpaka mahakamani mashine ilikaa kwa nani? Mara nyingi wananchi wenye hasira ndio wanaoharibu: wanaingia wenyewe, wanabeba mashine, wanampiga mtuhumiwa, kisha wanapeleka vyote kituoni. Mtu akipigwa mpaka kufa, wewe unabaki na maiti mlangoni, cherehani ya pili haitajulikana iliko, na majirani zako ndio watakaokwenda Maweni kwa mauaji. Naomba hili ulifikishe mtaani kwenu.

Sasa la kufanya wiki hii. Nenda kwa karani wa mahakama uombe nakala ya hukumu au uamuzi, usome neno lililotumika. Kama shauri liliondolewa tu kwa kuwa mashahidi hawakuja au upelelezi haukukamilika, kijana huyo anaweza kushtakiwa upya. Kama ameachiwa huru baada ya ushahidi kusikilizwa, rufaa si yako kuikata. Ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka, naye ana siku 30 tangu uamuzi kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa. Siku 7 zimekwisha. Nenda Ofisi ya Taifa ya Mashtaka hapa Tanga, omba kuonana na wakili wa serikali aliyeendesha shauri, mpe tarehe na namba ya kesi. Usiende kugomba. Muulize mguu upi ulivunjika.

Cherehani iliyo kama kielelezo iulizie papohapo. Hukumu inaweza kuwa imesema irudi kwa nani. Kama iko kimya, omba mahakama itoe amri. Kijana kuachiwa hakumaanishi mashine imekuwa yake.

Hiyo nyingine ambayo haijapatikana, kaa leo na shangazi muandike kila alama mnayoikumbuka, muweke tarehe na saini, na nakala mpeleke kwa mpelelezi iingie kwenye faili. Na uhakikishe shangazi mwenyewe anaandikwa maelezo kama hakuandikwa: saa ngapi alisikia vyuma, vililia kwa muda gani, adhana ilikuwa imepita au bado. Yeye ndiye pekee aliyekuwa ndani ya nyumba usiku ule.