Usiandike jina la kikundi kabla hujasoma mkanda na vifungo

Ndugu mleta uzi, umeweka picha uliyoikuta kwenye sanduku la marehemu babu yako, ya vijana tisa waliovaa kaptula na skafu, mmoja wao akiwa na bendera iliyokunjwa, ukauliza kama unaweza kuandika nyuma yake «TANU Youth League, 1961», yaani umoja wa vijana wa chama cha TANU. Nakuomba usiandike kwanza. Mimi niliandika maneno yanayofanana na hayo kwenye picha ya baba yangu, nikaitia fremu, ikakaa ukutani miaka sita ikiwa na maelezo ya uongo.

Katika picha ile, iliyopigwa mbele ya shule moja ya misheni mkoani Tabora, baba anapeana mkono na kijana mwenzake, na wote wawili wametoa mkono wa kushoto. Kwa kuwa kwetu hakuna anayemsalimu mwenzake kwa kushoto, niliamua kwamba fundi aliisafisha filamu ikiwa imegeuzwa, na sikufikiri zaidi. Siku ya arobaini ya baba, mzee mmoja aliyekuja kutoa pole alisimama mbele ya fremu kwa muda mrefu, akaniita, akasema: «Mwanangu, huyu wa pili ni mimi. Hatukuwa TANU hapa, tulikuwa skauti. Skauti husalimiana kwa kushoto.»

Niliiondoa kwenye fremu usiku uleule, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Shati la kiume hufungwa upande wa kushoto wa mvaaji ukilala juu ya ule wa kulia, na ndivyo yalivyofungwa mashati yote katika picha. Kwa hiyo haikuwa imegeuzwa hata kidogo. Kwenye bizimu ya mkanda wa baba lilionekana ua la skauti lenye ncha tatu, na begani kushoto kulikuwa na tepe fupi zinazoning'inia, ambazo skauti wa wakati ule walizivaa kutofautisha makundi madogo ndani ya kikosi kimoja. Yote hayo yalikuwapo tangu mwanzo, ila mimi nilitazama skafu tu.

Skafu ndiyo inayotudanganya wengi, kwa sababu skauti waliivaa na chipukizi wa chama nao wakaja kuivaa. Rangi nayo haisaidii katika picha nyeusi na nyeupe: shati la kijani la vijana wa TANU na kaki ya skauti hutoka kwa kijivu kinachokaribiana sana. Filamu nyingi za zamani, hasa kabla ya miaka ya 1950 kwisha, hazikuhisi rangi nyekundu, hivyo skafu nyekundu hutoka karibu nyeusi na ya buluu hutoka nyeupe. Ukisema «skafu yao ilikuwa nyeusi» kwa kutazama picha ya namna hiyo, unakisia.

Bendera ina manufaa zaidi, kama sehemu yake yoyote imefunguka. Ya TANU ilikuwa kijani, nyeusi na kijani, bila kitu kati yake. Ya Tanganyika huru, iliyopandishwa tarehe 9 Desemba 1961, ilikuwa na mistari miwili myembamba ya njano iliyotenga rangi hizo, nayo huonekana kama nyuzi nyeupe. Ukiona mstari wa mshazari, hiyo ni bendera ya Tanzania, kwa hiyo picha ni ya mwaka 1964 au baadaye. Wachangiaji wawili wa uzi huu waliosema huenda hawa ni JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) wakumbuke kwamba jeshi hilo lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Ukishikilia mwaka 1961, JKT haimo.

Ukipata mzee wa kumuuliza, na ninakusihi umtafute mapema, usimwulize «Hawa ni TANU?» Wazee wetu wengi watakuitikia kwa heshima tu, ama kwa kuwa hawataki kukuvunja moyo. Mpe picha mkononi, mwulize ni wapi hapa na nani amesimama wapi, kisha unyamaze. Yule mzee wa siku ya arobaini alinitajia majina ya vijana watano kati ya wanane wa picha ya baba, na mahali ulipokuwa mwembe uliokatwa zamani, bila mimi kumwongoza. Nimeyaandika kwenye karatasi tofauti inayokaa na picha. Nyuma ya picha yenyewe niliweka namba tu, kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya hadi upande wa pili.

Kwa picha yako, naomba uiskani upya pande zote mbili bila kukata kingo, kwa kiwango cha juu kabisa cha mashine yako, hata kama nyuma unaona patupu, kwani mihuri ya studio hufifia lakini mara nyingi haifutiki. Kisha utukuzie mkanda wa kijana wa tatu kutoka kushoto. Pana kitu kinachong'aa kwenye bizimu yake, na kwa ukubwa ulioweka sasa siwezi kutofautisha ua la skauti na nanga ya Boys' Brigade, chama cha vijana wa Kikristo.