Sproketi ya mbele ya pikipiki ya zamani: nilivyovunja bolti na nilivyochekwa

Nina Honda CG125 ya miaka ya 80, nimeirithi kwa baba mkubwa aliyekuwa bwana shamba, kazunguka nayo Kibosho yote enzi kahawa ni kahawa. Hapa Moshi kila mtu ananiambia mangi uza hilo chuma, mi siwasikilizi. Injini yenyewe Honda waliitoa 1976 wakijua inaenda kwa watu ambao oili wanabadilisha wakikumbuka tu, na kweli injini haijawahi kunilaza njiani. Kilichonitesa ni kasproketi kadogo ka mbele, yaani kale kagurudumu ka meno kanakovuta cheni.

Ilianza napandisha Kibosho na mkungu wa ndizi nyuma, nikivuta mafuta cheni inaruka, kak kak kak. Nikajua imelegea, nikakaza, siku mbili ikarudia palepale. Kuja kufungua kava la kushoto nakuta meno yamelalia upande mmoja yote, yamechongoka kama ndoano, maana vumbi la huku likishachanganyika na oili ya cheni hiyo ni msasa tosha. Ukitaka kujua bila kufungua kitu, nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa vuta cheni kwa vidole, ikinyanyuka mpaka ukaona nusu ya jino basi jiandae kutoa hela.

Sasa makosa yangu. Kwenye hizi CG sproketi ya mbele haina nati kubwa katikati kama pikipiki nyingine, ina kibati chembamba kinachoingia kwenye mfereji wa shafti (chuma kinachotoka kwenye injini kuizungusha sproketi), kimeshikwa na bolti mbili ndogo za spana namba 10. Ukizitoa unakizungusha kibati kidogo mpaka meno yake yalingane na ya shafti, kinachomoka, na sproketi inafuata. Rahisi. Ila mi nilitoa cheni KWANZA, kwa hiyo kila nikivuta spana kulegeza sproketi inazunguka nayo, nikaibana na bisibisi, nikaweka bomba kwenye spana ili nipate nguvu... tak! Kichwa cha bolti kikakatika kikabaki kwenye boksi ya spana.

Jioni nzima nimekaa chini naitazama, nawaza tindo, nawaza kuchomelea, nawaza kushusha injini. Asubuhi nikamwita fundi mmoja mtu mzima wa Majengo, akainama, akaangalia, akacheka mpaka akakohoa. "Mangi, hizi bolti zinajifunga kwenye sproketi yenyewe. Imevunjikia kwenye kitu unachoenda kutupa." Akatoa ya pili, kibati kikatoka, dakika tano kazi imeisha. Niliona aibu jamani.

Kwa hiyo wewe lowesha bolti na mafuta ya taa usiku kucha, acha cheni ikiwa imefungwa, weka gia, mtu akanyage breki ya nyuma, ndo ulegeze. Kabla ya hapo pedali ya gia ipige alama ya tipeksi inapokaa kwenye shafti yake, la sivyo utairudisha imeangalia mbinguni.

Dukani nenda na sproketi ya zamani mkononi, usiende na maneno. Pikipiki nyingi za Kichina zimeiga injini hii hii kwa hiyo spea zipo kibao, lakini shafti zao hazilingani unene zote. Mi duka la kwanza niliambiwa "hii inaingia zote", nimefika nyumbani inacheza kama pete ya kuazima. Ndugu yangu, cheni ni saizi 428, na kama mfuko unaruhusu badilisha vyote vitatu, mbele, nyuma na cheni, kwa sababu cheni iliyovutika inakula meno mapya haraka sana. Kuhusu idadi ya meno, kushusha jino moja mbele ni kama kuongeza karibu matatu nyuma, mlimani utafurahi ila barabara ya lami kwenda Himo injini itapiga kelele. Mi nimebaki na 15, sina haraka ya kupanda.

Ukiwa umefungua safisha lile tope lote uangalie sili ya shafti, ile raba inayozuia oili, kama inavuja badilisha hapohapo, ni kitu cha bei ndogo. Kiungo cha cheni, upande wa klipu uliofunga uangalie kule cheni inakokwenda. Halafu zungusha tairi utafute pale cheni inapokaza zaidi, hapo ndo upimie, yangu naiachia kama sentimita 2 za kucheza.

Zile bolti mbili mpya zikaze kwa mkono wa adabu, ni ndogo zile. Baada ya siku tatu nne fungua tena kava uzikague, yangu moja nilikuta imeshaanza kulegea.