Jibu: Kwa nini Mama apimwe damu na mkojo, na eksirei ya mifupa ishapigwa?

Dada wa Wete, picha inaonyesha mfupa ulivyo leo; vipimo hivi vinaonyesha kasi unayobomoka na kujengwa. Mfupa umeshikwa na protini iitwayo kolajeni. Ukibomoka, vipande vyake kama CTX huingia kwenye damu, na vingine, NTX, hutoka na mkojo.

Tafadhali asile kitu kabla ya kutolewa damu. Mamangu alichovya boflo kwenye chai, ikabidi turudi kesho yake. CTX hupanda alfajiri na hushuka mtu akishakula, jibu likapotosha. NTX ya mkojo nayo hulinganishwa na kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo, maana aliyekunywa maji mengi mkojo wake huwa mwepesi.

Kama alivunjika karibuni, mwambieni daktari: mfupa unaounga hupandisha vipimo kwa miezi.