Maswali ya Wasomaji: Manowari ya bomba tatu, unaijenga ya siku gani?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za watu wanaotaka kujenga modeli za meli za vita za zamani, na kilichonifurahisha ni kwamba karibu wote mnauliza meli zilizopita kwetu. Nimechagua nne, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inabeba mambo mengi ambayo wengine pia mngeuliza.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi seremala niko Ikwiriri, mchana natengeneza vitanda na makabati, usiku nachonga vitu vidogovidogo. Babu alikuwa anatusimulia manowari ya bomba tatu iliyojificha Rufiji wakati wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, sasa nataka niichonge niiweke dukani watu waione. Nimeingia intaneti nimeandika Königsberg zimekuja picha kibao, zingine bomba mbili zingine tatu, mizinga nayo haifanani, nimechanganyikiwa. Ya kwetu ni ipi na nianzie wapi?
Msomaji, Ikwiriri

JIBU: Marahaba kijana wangu. Kwanza mshukuru babu, maana hayo maneno "bomba tatu", yaani mabomba matatu ya kutolea moshi, ndo kipimo chako cha kwanza. Watu wa pwani waliipa meli ile jina la manowari ya bomba tatu tangu ilipofika Dar es Salaam Juni 1914, na jina limebaki mpaka leo. Wajerumani walikuwa na meli za vita zaidi ya moja zenye jina la Königsberg. Yenye bomba mbili ni ya baadae kabisa, ilishushwa majini 1927, ina mizinga 9 imepangwa mitatu mitatu, na ndege za Waingereza ziliizamisha Bergen kule Norway Aprili 1940, kwahiyo hiyo iondoe kabisa kwenye simu yako. Inayodanganya watu zaidi ni ya mwaka 1915, nayo ina bomba tatu ila ni ndefu, inapita mita 150, na mizinga yake ni 8 tu.

Ya kwetu ilijengwa Kiel, ikashushwa majini Desemba 1905, ikaanza kazi Aprili 1907. Urefu mita 115.3, upana mita 13.2, na chini ya maji inazama mita 5.3 hivi. Mizinga yake 10 ya milimita 105: miwili omo (mbele) imekaa bega kwa bega, miwili tezi (nyuma) hivohivo, na sita ubavuni, mitatu kila upande. Ukiletewa picha yoyote hesabu mizinga kabla hujasoma maandishi ya chini, maandishi yanakosea sana.

Mtego mwingine ni ndugu zake. Meli za aina ile zilikuwa 4, Königsberg, Nürnberg, Stuttgart na Stettin, na wauzaji wengi wa plani wanachukua mchoro wa mojawapo wanauandika jina la Königsberg kwa sababu ndo linauza. Hizo nyingine ni ndefu kidogo, mita 116.8, na Stettin hata mashine zake za ndani ni za aina nyingine. Mimi yalinikuta. Nilinunua plani, nikakata mbao zote kwa skeli ya 1:100, yaani sentimita 1 ya modeli ni mita 1 ya meli, nikagundi, nikapiga msasa, nakuja kupima mwishoni naona mwili umezidi sentimita 1 na nusu, ndo nikaelewa nimejenga ndugu yake. Niliumia sana, miezi minne ya kazi, na muuzaji nilipomwandikia akaniambia tofauti haionekani. Inaonekana. Kwa hiyo kabla hujashika msumeno chukua rula upime plani kutoka ncha ya omo mpaka ncha ya tezi, zidisha kwa skeli, isipokuja mita 115.3 iache.

Plani za uhakika za meli za dola ya Ujerumani ya wakati ule ziko kwenye nyaraka za jeshi za Bundesarchiv, mji wa Freiburg, unaweza kuwaandikia ukaomba nakala. Picha za zamani za koloni lao nyingi zimehifadhiwa chuo kikuu cha Frankfurt na zinaonekana bure kwenye intaneti, na Imperial War Museum ya London wana picha nzuri za meli yenyewe ikiwa imeshakufa pale mtoni.

Na hapa ndo nataka unisikilize vizuri. Usijenge "Königsberg". Jenga Königsberg ya siku fulani. Meli haikai vilevile, inapakwa rangi nyingine, inafungwa hiki inang'olewa kile, na modeli nyingi naziona mbovu siyo kwa sababu fundi hajui kuchonga ila kwa sababu kachanganya siku tatu kwenye chombo kimoja. Ukitaka asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, hiyo ni meli iliyoingia Zanzibar ikaikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga inatengeneza mashine, ikaipiga kutoka mbali na yenyewe isiguswe, hapo meli yako iwe safi na mizinga yote 10 ipo, bila tawi hata moja. Ukitaka ya Rufiji baada ya hapo ni kitu kingine kabisa, mashine zake zimegoma, imepandishwa mtoni maeneo ya Salale, imefunikwa matawi ya miti mpaka kwenye milingoti ili isionekane. Na ukitaka baada ya tarehe 11 Julai 1915, siku ile manowari za Waingereza Severn na Mersey zilipoimaliza na Wajerumani wenyewe wakailipua, hapo ni mzoga, na baadae mizinga yote iliopolewa, kwahiyo picha za mzoga usizitumie kujengea meli ya Zanzibar. Hilo kosa nalikuta kila siku.

Ungekuwa unaishi kwingine ningekuachia uchague mwenyewe, lakini wewe wa Ikwiriri jenga ya Rufiji, utaona mambo ambayo fundi wa Hamburg hayaoni. Unaijua mikoko, unajua mchu haukai kama mkandaa na mizizi ya mkoko inavyoshika tope, unajua rangi ya maji ya mto yakikutana na bahari. Wazungu wengi wanaojenga tukio hili wanaweka maji ya bluu na minazi! Halafu usisahau watu. Vyombo vya mashine vilivyoharibika vilitolewa melini vikaburutwa kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa karakana ya huko, kisha vikarudishwa, na waliovuta ni maelfu ya watu wa kwetu, kwa kamba, porini. Hao wako kwenye modeli ngapi? Mimi sijaona hata moja. Mtu wa mita 1.7 kwenye 1:200 anakuwa milimita 8 na nusu, anachongeka kwa kijiti cha meno.

Skeli nakushauri hiyohiyo ya 1:200, meli inakuja sentimita 57.7 kwa urefu na 6.6 kwa upana, inakaa vizuri kwenye rafu ya duka. Mtutu wa mzinga unakuwa milimita 21. Na kwa kuwa iko mtoni huna haja ya kuchonga sehemu ya chini ya maji, unaanzia usawa wa maji kwenda juu, ila angalia omo, haijalala nyuma kama ya jahazi, inateremka ikitokeza mbele, ukikosea hapo sura yote imepotea.

Mwili usiuchonge kwa gogo moja, kwa joto la Rufiji litapasuka. Chukua mbao nyembamba za paini zilizokauka vizuri, kila moja ikate kufuata mstari wake wa plani, zipange moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani, gundi ya mbao katikati, bana usiku kucha. Asubuhi utakuwa na ngazi ngazi ubavuni, hizo unazila kwa randa ndogo na msasa huku unapima kwa vipande vya kadibodi ulivyokata kwa umbo la kila taruma (mbavu za meli). Milingoti vijiti vya mishikaki vinafaa ukivipunguza. Kamba nyembamba tumia uzi wa nailoni, uzi wa pamba unatoa vinyweleo vinaonekana kama kamba imeota manyoya. Na pini za chuma usiweke, hewa ya huku itazitia kutu mpaka ivuje kwenye rangi, tumia waya wa shaba.

Rangi sasa. Kabla ya vita manowari za Kijerumani zilizokuwa nchi za mbali zilikuwa nyingi nyeupe mwilini na umanjano juu, Emden kwa mfano ilijulikana kwa weupe wake, vita ilipokuja wakazipaka kijivu. Ya Rufiji ipake kijivu, kisha ichafue, weka kutu kwenye minyororo, weka matope usawa wa maji yanapopanda na kushuka.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu hapa Unguja, tunataka wanafunzi watengeneze modeli ya Glasgow ya Sultani iliyozamishwa kwenye vita vile vifupi. Wanafunzi wana miaka 12 hadi 14. Tunaweza au tunajisumbua?
Mwalimu, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam mwalimu, mnaweza kabisa, na meli hii watoto wa Unguja ndo wanaostahili kuijenga kuliko mtu yeyote. Ilijengwa Scotland 1878 kwa ajili ya Sayyid Barghash, ya milingoti mitatu na mashine ya mvuke pamoja, na ilikuwa zaidi ya fahari kuliko ya vita, silaha zake ni mizinga 7 midogo na bunduki moja ya Gatling. Tarehe 27 Agosti 1896 ilijaribu kuijibu St George ya Waingereza, nayo ikaizamisha hapohapo bandarini. Kina cha pale ni kifupi ndo maana milingoti ilibaki imechomoza juu ya maji miaka mingi.

Hapo mwalimu una modeli mbili kwa bei ya moja: kundi la kwanza wajenge meli nzima ilivyokuwa asubuhi, kundi la pili wajenge bandari tu na milingoti mitatu inayotokeza majini. Ya pili inawezekana kwa wiki moja, na inatisha zaidi. Watumie kadibodi ngumu na gundi nyeupe, visu wakate wakubwa. Na kabla ya kukata kitu wapelekeni kwa mafundi wa majahazi wakajifunze mkuku ni nini na mataruma yanakaaje, mtoto akishashika taruma la jahazi kwa mkono wake plani ya karatasi anaielewa kwa dakika mbili.

SWALI: Habari za kazi kaka. Niko Kigoma, Liemba naiona tangu utoto. Nataka kujenga ilivyokuwa Graf von Götzen wakati wa vita, je nikiipiga picha ilivyo sasa nikatumia hizo inatosha?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Nzuri kaka. Kwa mwili wa chini zinakusaidia, kwa juu hapana. Meli hii ilijengwa Papenburg Ujerumani 1913, ikafunguliwa ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar kwa meli na Kigoma kwa reli, ikashushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 mafundi wake wenyewe wakaizamisha wakiwa wamezipaka mashine grisi ili siku moja irudi, Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza kazi tena 1927 kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mashine za mvuke zikatolewa zikawekwa za dizeli. Kwahiyo bomba, vyumba vya juu, karibu vyote unavyoviona siyo vya 1915. Picha za zamani zipo, zitafute, na tumia zako mpya kwa misumari ya ribiti tu na mkunjo wa omo.

Lakini kuna kitu kimoja kitamu: mzinga mmoja wa ile Königsberg aliyouliza kijana wa Ikwiriri ulipelekwa ukafungwa kwenye Götzen. Ukijenga meli ya 1915 ikiwa na ule mzinga, jamani nitumie picha.

SWALI: Niko Mombasa. Kuna mizinga miwili pale Fort Jesus, nimeambiwa mmoja wa Königsberg mwingine wa Pegasus. Nataka kupima wa Königsberg nichonge kwa skeli kubwa. Nitajuaje ni upi, na nichukue vipimo gani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hongera, wewe una bahati ambayo wenzako wanasoma tu, maadui wawili wa Septemba 1914 wamekaa jirani. Soma maandishi pale, kisha hakikisha mwenyewe. Wa Kijerumani mdomo wake ni milimita 105, wa Kiingereza ni inchi 4, yaani milimita 101.6. Tofauti ni milimita 3 na kidogo, kwa macho huioni, na rangi zilizopakwa juu kwa miaka zinapunguza tundu, kwahiyo nenda na kalipa, kile kipimo chenye taya kinachosoma mpaka sehemu ya milimita, siyo futi ya fundi cherehani, pima sehemu tatu tofauti za mdomo na uandike zote. Omba ruhusa kwanza kwa wahusika, ukieleza unachofanya watakuelewa.

Pima urefu wa mtutu, unene wake kila baada ya sentimita 30, halafu nyuma pale risasi inapoingilia piga picha nyingi kila upande ukiwa umeweka rula pembeni ionekane. Kitako usikipime ukadhani ndo cha melini. Mizinga ile ilipotolewa mtoni ilipelekwa Dar ikatengenezewa magurudumu ikapigana nchi kavu chini ya Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani huku, ikivutwa na mamia ya watu, melini ilisimama kwenye nguzo ya chuma iliyofungwa sitahani. Hiyo nguzo itafute kwenye plani za Freiburg. Ukishapata kipenyo niandikie, kijana wa Ikwiriri anakihitaji.