Ukienda Chennai kuuguza, usijifungie ndani

Wiki mbili za mwanzo pale Chennai, kusini mwa India, nilizijua njia mbili tu: ya kwenda hospitali na ya kurudi nyumba ya wageni. Nilikuwa namuuguza mama. Mwishowe yeye mwenyewe akanifukuza: "Mwanangu, utaugua na wewe. Nenda katembee, urudi unisimulie."

Kama nawe unajiandaa na safari ya namna hiyo, anza na mlo wa mchana. Tafuta mgahawa wenye neno "Meals" mlangoni. Utatandikiwa jani la mgomba, kisha wahudumu watapita na vindoo: wali, sambar, ambayo ni mchuzi wa dengu, mboga na ukwaju, halafu rasam, mchuzi mwepesi wa ukwaju na pilipili, achari na mtindi. Unakula kwa mkono wa kulia, na hapo Mswahili hana la kufundishwa. Ila jifunze neno "podhum", yaani imetosha, na ulitamke huku umefunika jani kwa kiganja. Ukinyamaza kwa adabu, wanaongeza. Ukishiba, likunje jani kuelekea kwako. Kulikunja kwa upande wa pili ni desturi ya msibani.

Dosa, chapati nyembamba za mchele, na idli, vikate vya mchele, ni za asubuhi na jioni. Idli hupikwa kwa mvuke, laini, haina mafuta wala pilipili. Nilimuuliza muuguzi, akaniruhusu, nikampelekea mama mbili na chatini ya nazi. Alizimaliza zote, baada ya siku nyingi za kusukuma sahani pembeni. Ulizia pia paniyaram: inapikwa kwenye chuma chenye mashimo kama chetu cha vitumbua, na unga wake ni wa mchele na choroko nyeusi uliolala ukachacha.

Bajaji zimejaa, wao huziita auto. Patana bei kabla hujakaa. Mimi nilipanda kwanza nikauliza baadaye, nikalipa mara tatu ya nauli ya kawaida.

Mtaa wa Mylapore nenda asubuhi au baada ya saa kumi jioni, maana hekalu lake la Kihindu, Kapaleeshwarar, hufungwa mchana. Viatu unaviacha nje, na asiye Mhindu haingii chumba cha ndani kabisa, lakini ule mnara wa lango wenye mamia ya sanamu za rangi unatosha kukusimamisha. Kutoka hapo kanisa la San Thome, linaloaminika kuwa juu ya kaburi la Mtume Tomaso, si mbali kwa miguu. Ukipata siku nzima, Mahabalipuram na mahekalu yake ya mawe iko kusini, mwendo wa kilomita 60 hivi.

Ufuo wa Marina usiogelee, mkondo wake unaua watu. Kaa mchangani jioni ununue sundal: njegere kavu zilizochemshwa, nazi na embe bichi. Sisi tulikwenda alfajiri, siku mbili baada ya mama kuruhusiwa. Alisimama ameshika mkono wangu, akalitazama jua likitoka majini, akasema, "Kumbe na huku linachomoza baharini, kama kwetu."