Jibu: Lee Keegan, mchezaji bora bila kombe?

Umeuliza beki aliyestaafu bila ubingwa wa Ayalandi alipataje Mchezaji Bora wa Mwaka 2016. Ndiyo, Lee Keegan wa kaunti ya Mayo alikosa kombe la Sam Maguire, la bingwa wa Ayalandi, ila usimpime kama beki wa soka. Katika kandanda ya Kigaeli ya enzi zake, mpira ukipita juu ya mwamba ulikuwa pointi 1, ukiingia wavuni 3, kwa hiyo beki wa pembeni anayepanda alikuwa silaha. Keegan alimkaba nyota wa wapinzani, kisha akamkimbia kuelekea goli la upande wa pili, sasa nyota ndiye anayekaba.

Ubaya wake ni kadi nyeusi, adhabu ya rafu za makusudi. Fainali ya marudiano 2016 dhidi ya Dublin alishafunga goli, halafu akamvuta chini Diarmuid Connolly kabla ya mapumziko. Enzi hizo kadi nyeusi ilikutoa moja kwa moja, anaingia wa akiba; dakika 10 za nje zilianza 2020. Mayo wakafa 1-15 kwa 1-14, yaani goli 1 na pointi 15 kwa goli 1 na pointi 14.

Fainali ya 2017 dhidi ya Dublin tena, goli lake halikutosha. Mwishoni Dean Rock wa Dublin akipiga adhabu, Keegan alirusha kifaa cha GPS kuupiga mpira. Kikakosa, pointi ikaingia, 1-17 kwa 1-16. Ujanja wa kitoto, lakini wa mtu asiyetaka kushindwa.

Alistaafu timu ya kaunti Januari 2023 akiwa na All Star 5 (tuzo ya kikosi bora cha mwaka): 2012, 2013, 2015, 2016 na 2021.