Kabla hujatia majani kwenye bisulfaiti

Jumatatu kijana wetu mpya kateremka kivuko cha Kamanga na magunia mawili ya vipandikizi vya muhogo kutoka Sengerema. Kayabwaga koridoni, anafuta jasho: "Hili nalinyima maji, hili namwagilia." Anataka kujua kama ukame unabadili methili, vialama vya kemikali vinavyobandikwa kwenye DNA ya mmea; bisulfaiti ndiyo kemikali ya kuvisomea. Tumbo likanikata. Wadogo zangu, hebu kaeni.

1. Magunia mawili ni mashamba mawili. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya vilevile: gunia moja upande mkavu, la pili upande wa maji, maana kuhamisha vyungu ni kazi na jua la Mwanza mnalijua. Mama anayetumwagilia akashika jani. "Mwanangu, huu una kikonyo chekundu, ule cha kijani. Si muhogo mmoja huu." Nikamwonyesha lebo: aina moja. Akacheka, akaendelea na ndoo yake.

Sikwensi, yaani mfuatano wa herufi za DNA, zikarudi. Kwenye sitosini moja (ile herufi C), mimea yote ya maji inasoma C, mikavu yote T. Hesabu mnaijua: C yenye methili, bisulfaiti inaiacha; isiyo nayo inageuka yurasili, herufi nyingine, na mashine inaisoma T. Kwangu mimi ukame ulikuwa umefuta methili kwa asilimia 100! Nikanunulia maabara nzima soda. Nikachora slaidi yenye mshale mwekundu, na mbele za watu nikatamka "kumbukumbu ya ukame" mara nne, sauti ikipanda kila mara. Mzee mmoja wa mstari wa nyuma wala hakugusa ukame. Aliuliza tu: DNA hiyo umeisoma bila bisulfaiti? Sikuwa nimeisoma. Tulipoisoma, T ilikuwapo tangu asili. Aina ile mahali pale haina C ya kuvikwa methili. Kwa fedha ya mradi nilikuwa nimegundua kwamba mihogo ya aina mbili ni ya aina mbili. Mama alishaiona kwa kikonyo, bure.

Na hata ingekuwa aina moja, kipandikizi ni kipande cha mwili wa mama yake. Kinaweza kuja na alama za shamba kilikotoka. Kwa hiyo zalisheni vyote kitalu kimoja kwanza, chukueni pingili za katikati, vyungu vipangwe kwa kura.

2. DNA ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani ndani ya jani, haina methili ya kutajika. Ukikuta C zimejaa humo, ugeuzaji wa bisulfaiti haukukamilika. Usimpigie msimamizi simu ya furaha.

3. Pande zote zikatwe saa ileile, hasa nyie wa RNA (nakala za jeni) na histoni (protini zinazoviringiwa na DNA). Mmea una saa yake. Yuko mmoja wenu, simtaji, anakata upande wa maji saa mbili, anakwenda kula sambusa, upande mkavu anaufikia saa sita, nitrojeni ya kugandishia majani imeshaishia hewani.

4. "Kumbukumbu" ni alama inayobaki baada ya maji kurudi, na mmea ukiitika kivingine unapokaushwa mara ya pili. Ukikausha mara moja ukakata majani, umepima kiu.

Magunia nayo? Mama kamwambia kijana avipande vyote kitalu kimoja, angoje majani yatoke aone vikonyo. Kijana kauliza itachukua muda gani. Kakabidhiwa ndoo.